Meli Ndogo Ikirefushwa, Abiria Wanahesabu Nini?

Mwishoni mwa 2019 meli ya kitalii Star Breeze iliingia katika chelezo cha kampuni ya Fincantieri mjini Palermo, kisiwani Sicily, ikiwa nzima. Mafundi wakaikata katikati, wakazitenganisha kabisa nusu ya omo na nusu ya tezi, kisha wakaingiza hapo kati kipande kipya cha mita 25.6. Meli iliyokuwa na urefu wa mita 134 hivi ikawa ya mita 159. Meli dada zake mbili, Star Legend na Star Pride, zilipita njia hiyohiyo. Mradi huo wa kampuni ya Windstar, pamoja na injini mpya, ulipangiwa dola milioni 250 za Marekani.

Kila meli iliongezewa vyumba 50, na idadi ya abiria ikapanda kutoka 212 hadi 312.

Katika biashara ambayo meli moja, Icon of the Seas, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, nyongeza ya watu 100 inaonekana ni jambo dogo. Kwa wateja wa Windstar haikuwa ndogo hata kidogo. Msafiri anayelipa fedha nyingi apande meli ya watu 200 hakuichagua kwa bahati mbaya. Anataka kula bila kupanga meza siku mbili kabla, kushuka bandarini bila foleni, na kuitwa kwa jina lake na mhudumu wa baa. Ndiyo maana habari za mradi zilipotangazwa Novemba 2018, swali la wateja wa siku nyingi halikuhusu chuma wala injini. Walitaka kujua kama meli yao itabaki ileile.

Swali hilo lina majibu mawili, la mhandisi na la abiria, na hayafanani.

Kwa mhandisi, kurefusha meli ni kazi inayojulikana. Meli ya kitalii Song of Norway, iliyoanza safari 1970, ilikatwa na kuongezwa mita 26 hivi mwaka 1978 huko Helsinki, na tangu hapo njia hiyo imerudiwa mara nyingi. Kipande kipya huundwa mapema, meli ikiwa bado inafanya kazi na kuingiza mapato. Meli inapofika chelezoni, mafundi hukata sitaha, kuta, mabomba na nyaya kwa mstari uliopimwa kwa makini, husogeza nusu moja juu ya reli kwa jeki za haidroli, huingiza kipande na kuchomelea kila kitu upya. Kampuni hupata vyumba vya ziada ndani ya miezi michache, ilhali meli mpya husubiriwa kwa miaka na bei yake ni kubwa zaidi.

Tena bahari yenyewe haitozi sana urefu. Kwa mwendo uleule, umbo refu hutengeneza mawimbi madogo kulingana na ukubwa wake, hivyo mafuta hayapandi kwa kadiri ya abiria walioongezeka. Gharama imejificha kwenye uti wa meli. Wimbi linapoiinua meli katikati, au linapoishika ncha zake mbili na kuacha tumbo likining'inia, kani ya kuikunja huongezeka upesi kuliko urefu wenyewe. Ndiyo maana meli iliyorefushwa huongezewa mabamba ya chuma kwenye sitaha za juu na sakafu ya chini, mahali ambapo abiria hatayaona kamwe.

Anachokihisi ni mwendo. Meli ndefu hupanda na kushuka kidogo kuliko fupi inapokabili mawimbi ya mbele, na wenye kichefuchefu hulitambua hilo siku ya kwanza ya upepo. Lakini upana haujabadilika, kwa hiyo mawimbi ya ubavuni huiyumbisha karibu kama zamani. Abiria wawili wa meli ileile wanaweza kurudi nyumbani na habari zinazopingana, mmoja akisema imetulia na mwingine akisema inatikisika vilevile, na wote wakawa wakweli. Inategemea bahari iliwajia kutoka upande gani.

Kuna zawadi nyingine iliyokuja na kisu cha mafundi. Meli huzunguka juu ya sehemu yake ya kati, na hapo ndipo mtikisiko ulipo mdogo kuliko omoni au tezini. Vyumba vipya, kwa kuwa viliingizwa katikati, viko mahali panapotafutwa zaidi na wasafiri wenye tumbo jepesi.

Jibu la abiria linaanzia pale urefu unapokoma. Kipande kipya huongeza vyumba na sitaha ya katikati. Hakiongezi chenyewe ukumbi wa maonyesho, jiko, ngazi ya kushukia bandarini wala boti za kupeleka watu ufukoni, maana hivyo viko katika nusu mbili za zamani au vilinunuliwa kwa hesabu ya zamani. Tuseme boti ya kushushia abiria ina viti 50. Watu 212 walihitaji safari 5; watu 312 wanahitaji 7. Kama kila safari ya kwenda na kurudi ni dakika 20, wa mwisho kushuka amepoteza dakika 40 za siku yake ya kisiwani. Hakuna tangazo la matembezi linalotaja dakika hizo, lakini abiria anazijua.

Wataalamu wa meli za kitalii wana kipimo cha haraka cha nafasi: hugawanya tani za ujazo kwa idadi ya abiria. Tani hizi si uzito, bali ni kipimo cha ukubwa wa ndani wa meli nzima. Star Breeze ilikuwa na tani 10,000 hivi kwa watu 212, yaani 47 kwa kila mmoja. Sasa ina takriban 13,000 kwa watu 312, yaani 42. Urefu umeongezeka kwa asilimia 19, abiria kwa asilimia 47. Tofauti hiyo inatokana na kwamba kipande kipya kimejazwa vyumba vya kulala zaidi ya kumbi, na mantiki yake ya kibiashara iko wazi, kwa sababu chumba ndicho kinacholipa.

Kampuni nyingine ilipiga hesabu kwa namna tofauti. Silver Spirit ya Silversea ilikatwa hukohuko Palermo na kurudi baharini Mei 2018 ikiwa na kipande kipya cha mita 15. Abiria walitoka 540 wakawa 608, na tani zikapanda kutoka 36,000 hadi karibu 39,500. Nafasi ya kila abiria ilikuwa 67, ikashuka hadi 65 tu. Msafiri wa zamani anayepanda meli hiyo leo anaweza kuona samani mpya na mikahawa mipya bila kuhisi kwamba amesogezwa ili mwenzake akae.

Hata hivyo kipimo hiki nacho kina mipaka. Icon of the Seas, kwa tani zake 248,663 na abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa kila chumba, hupata 44. Kwa karatasi, jitu hilo lina nafasi kuliko Star Breeze iliyorefushwa. Hakuna mpenzi wa meli ndogo atakayebadilishana, kwani anahesabu kitu cha pili: nyuso. Katika watu 212, ndani ya siku nne msafiri amekwisha kuzoea karibu kila sura na kujua ni nani wa kumkwepa mezani. Wakiwa 312, wageni hubaki wageni mpaka mwisho wa safari. Hapo nafasi inaweza kutosha na ukaribu ukapungua.

Mapenzi ya abiria kwa meli hizi tatu yana mizizi mirefu. Zilijengwa Bremerhaven, Ujerumani, kati ya 1988 na 1992, mbili zikiitwa Seabourn Pride na Seabourn Spirit, na ya tatu Royal Viking Queen, ambayo baadaye ikawa Seabourn Legend. Wapenzi wa sinema waliwahi kuiona hiyo ya tatu bila kujua, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kupigia filamu ya Speed 2 ya 1997. Rais wa kwanza wa Seabourn, kampuni iliyoziendesha kabla ya Windstar, alikuwa Warren Titus, ambaye kabla ya hapo aliongoza Royal Viking Line. Royal Viking Line ilizirefusha meli zake zote tatu kati ya 1981 na 1983 ili zibebe watu wengi zaidi. Miaka michache baadaye Titus alikuwa akiuza safari za meli za watu 200 kwa wateja waliotaka udogo. Nazo hizo, baada ya miaka 30 na kuhamia Windstar, zikakatwa.

Seabourn Spirit, ambayo leo ndiyo Star Breeze, ina kumbukumbu pia katika bahari ya Afrika Mashariki. Alfajiri ya tarehe 5 Novemba 2005, ikitoka Alexandria kwenda Mombasa, ilishambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia. Walikuja kwa boti za mwendo kasi wakiwa na bunduki na makombora. Nahodha aliongeza kasi na kugeuza meli, walinzi wakatumia mtambo wa sauti kali kuwazuia, na meli ikaponyoka. Mlinzi mmoja alijeruhiwa, abiria wote wakasalimika, na meli ikaelekea Ushelisheli badala ya Mombasa. Meli fupi huzunguka katika duara dogo. Ikirefushwa, duara hilo hupanuka, na nahodha wake hana budi kuizoea upya.

Urefu huleta pia maswali ya bandari. Windstar huuza safari za ghuba na visiwa ambako meli kubwa hazifiki, na kwa gati fupi mita 25 za ziada si jambo la kupuuza. Kwa upande mwingine, kuongeza urefu bila upana kuna faida yake. Mfano mzuri ni Braemar, wakati huo ya kampuni ya Fred. Olsen, iliyoongezwa mita 31 mjini Hamburg mwaka 2008 ikafikia mita 195. Oktoba 2019 ilivutwa na boti ya kuvuta meli kupita mfereji wa Korintho nchini Ugiriki, wenye upana wa mita 24 hivi, ilhali meli yenyewe ina upana wa mita 22.5. Ilikuwa meli ndefu kuliko zote zilizowahi kupita hapo. Abiria walijaa sitahani wakitazama kuta za mwamba zikiwa karibu kuguswa kwa mkono. Meli iliyorefushwa iliwapa wateja wake kitu ambacho meli mpya kubwa ya leo, yenye upana wa mita 30 au zaidi, isingeweza.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulichelewesha kazi ya Palermo, na Star Breeze ikaanza tena kupokea abiria Juni 2021 kutoka St. Maarten, katika Karibea. Waliopanda walikuta mikahawa miwili mipya, mmoja wa vyakula vya Kihispania na mwingine wa nyama choma, bwawa jipya, chumba kikubwa zaidi cha mazoezi, na bafu zilizojengwa upya. Bafu si jambo dogo. Meli ya mwaka 1989 inaweza kupakwa rangi kila mwaka na bado ikajulikana umri wake kwa bomba la bafuni. Injini mpya nazo ni za heri kwa masikio na kwa hewa ya bandari, ingawa hakuna anayezipiga picha.

Kitu ambacho ukarabati haukubadilisha ni mifupa ya muundo. Roshani nyingi za meli hizi ni milango ya kioo yenye kizuizi mbele, ambapo mtu husimama lakini hawezi kuweka kiti. Msafiri aliyezoea meli mpya zaidi, ambako kila chumba kina kibaraza chake, huliona hilo mara moja na kulalamika; mteja wa zamani hata halitaji. Mmoja amelinganisha na meli za jirani, mwingine amelinganisha na meli yenyewe ya jana. Kampuni inayosoma maoni ya wateja bila kuwatenganisha watu hawa wawili itarekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Msomaji anayefikiria safari ya aina hii, iwe kwa ajili yake au kwa wateja wa ofisi yake ya utalii, aulize maswali manne kabla ya kulipa. Meli ilijengwa lini na ilikarabatiwa lini, maana tangazo mara nyingi hutaja mwaka mmoja tu. Ina tani ngapi kwa kila abiria, kabla na baada ya kurefushwa. Wahudumu waliongezwa kwa kadiri ya abiria au vyumba peke yake ndivyo vilivyoongezwa. Na bandari ngapi katika ratiba zinahitaji boti za kushushia watu, kwa sababu hapo ndipo foleni hujitokeza kwanza.

Kwa vipimo hivyo, Silver Spirit ilirefushwa kwa ajili ya abiria wake kwa kiasi kikubwa, na meli za Windstar zilirefushwa zaidi kwa ajili ya mizania ya kampuni, kisha abiria wakafidiwa kwa injini, bafu na mikahawa. Anayependa chakula kizuri na chumba kilicho katikati ya meli atafurahi. Anayetafuta meli ya kujuana na kila mtu atafute yenye abiria chini ya 200, na zipo.