USITUPE MASALIO YA MSHUMAA

Wakulima wa skimu, je, mwajua kwamba kipande cha mshumaa kilichobaki usiku chaweza kuokoa mche wa makadamia?

Hapa Gatitu na kwingineko Nyeri, makadamia ni mti wa fedha. Uliletwa Kenya kutoka Australia, ukapandwa karibu na Thika mwaka 1946. Mche uliooteshwa kwa mbegu waweza kukaa miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa, wala hujui utazaa njugu za namna gani. Mche ulioungwa kwa kijiti cha mti mzuri huzaa mapema zaidi, na njugu zake hufanana na za mama yake. Lakini vijiti vingi hufa kwa kukauka. Kijiti kilichokatwa hakina mizizi ya kukiletea maji, na jua na upepo huyamaliza yaliyomo kabla kidonda hakijashikana.

Hapo ndipo nta ya parafini inapofaa. Mishumaa myeupe ya dukani kwa kawaida hutengenezwa kwa nta hiyo, itokanayo na mafuta ya ardhini. Maji hayaipenyi, nayo huyeyuka kwa joto la digrii 46 hadi 68 za sentigredi. Usidhani ni sawa na mafuta ya taa, ambayo watu huyaita parafini pia. Mafuta ya taa huunguza mmea.

Fanya hivi:

1. Kata kijiti asubuhi, unene wa penseli, ukifunge kwa kitambaa kibichi.

2. Kiunge kwenye mche upesi, ukaze kwa utepe wa plastiki. Nta isiingie kati ya mikato miwili, maana haitashikana.

3. Weka nta katika mkebe, na mkebe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kwa kuwa Nyeri iko juu, maji huchemka kama digrii 94, basi nta haiwezi kupita hapo.

4. Epua, ungoje mpaka nta ianze kuganda pembeni. Kisha paka kwa brashi penye kiungo na kwenye ncha ya kijiti.

5. Weka miche kivulini.

Sasa sikilizeni vizuri. Usiweke mkebe wa nta juu ya moto wenyewe. Nta ikizidi joto hutoa moshi, kisha huwaka. Ikiwaka, usimwage maji kamwe! Maji ni mazito kuliko nta; huzama chini, hugeuka mvuke ghafula, na kurusha nta yenye moto jikoni kote. Funika mkebe kwa kifuniko cha chuma, uzime jiko, uwaondoe watoto.

Jaribu kwanza miche 10, mitano kwa nta na mitano bila nta. Baada ya wiki chache hesabu iliyochipua, ukamwonyeshe Bwana Shamba wako. Hesabu hiyo itakufundisha kuliko maneno yetu.