Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Usafi wa Nyumba

Katika vijiji vyetu mbwa hulala nje. Kazi yake ni kulinda boma na mifugo, na akitaka kujisaidia huenda zake majanini, wala hapana mtu amfundishaye. Lakini katika miji mikubwa ya dunia, kama New York na London, watu wengi sana hukaa katika nyumba za ghorofa, wengine juu ya wengine, nao hawana ua wala bustani. Hata hivyo wako wengi wapendao kufuga mbwa, na kwa kuwa nafasi yao ni ndogo, huchagua mbwa wa aina ndogo, kama Chihuahua wa Meksiko au Pekingese wa China. Siku hizi hata Nairobi na Dar es Salaam wako watu wafugao mbwa wa namna hii ndani ya nyumba.

Basi, mtoto wa mbwa aliyeletwa katika nyumba iliyo ghorofa ya kumi afanye nini apatapo haja? Hajui choo, wala hawezi kushuka ngazi zile peke yake. Asipofundishwa atachafua mazulia, viti na vitanda. Mwenyewe atachoka, kisha atakasirika, na mwisho atamtoa nyumbani. Katika nchi za Ulaya na Marekani mbwa wengi hupoteza makao yao kwa sababu hii, wakapelekwa katika nyumba za kutunzia mbwa wasio na wenyewe. Kwa hiyo mafundisho haya si jambo dogo.

Tutwae mfano wa mbwa aitwaye Yorkshire Terrier. Asili yake ni jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Katika karne ya 19 wafumaji wa nguo wa huko walimfuga ili awaue panya viwandani. Manyoya yake ni marefu na laini, na kwa kanuni za wafugaji, akiwa mzima uzito wake usizidi kilo 3.2. Lakini mtu asimdharau kwa udogo wake. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mbwa mmoja wa aina hii aliokotwa katika kisiwa cha New Guinea, akafugwa na askari wa Marekani, William Wynne, akaitwa Smoky. Mwaka 1945, katika kisiwa cha Luzon, nchi ya Ufilipino, askari walitaka kupitisha waya za simu chini ya uwanja wa ndege, ndani ya bomba jembamba lenye urefu wa meta 21 hivi. Smoky alifungwa uzi katika ukanda wa shingo yake, na bwana wake akaenda upande wa pili akamwita. Mbwa yule mdogo akaingia bombani, akatambaa gizani akifuata sauti ya bwana wake, hata akatokea ng'ambo na uzi wake. Waya zikavutwa kwa uzi ule, na askari hawakulazimika kuchimba uwanja. Basi mbwa awezaye kufanya hayo kwa kuitwa tu, hashindwi kujua mahali pa kujisaidia, akipata mwalimu mwema.

Kwanza yatupasa kujua tabia aliyozaliwa nayo. Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba, wala hawezi kujisaidia kwa nguvu zake mwenyewe. Mama yake humlamba tumboni, ndipo mkojo na kinyesi hutoka, na mama huviondoa kwa ulimi wake ili malazi yawe safi. Apatapo umri wa majuma 3 hivi huanza kutembea, na tangu hapo hujitenga na malazi akitaka haja. Hapana amwambiaye afanye hivyo. Apatapo majuma 8 au 9 huanza kupendelea mahali fulani, naye hupatambua kwa harufu, na kwa jinsi anavyosikia chini ya nyayo zake.

Tazameni basi: mtoto huyu amekwisha pata nusu ya mafundisho kwa mama yake. Anajua ya kuwa malazi hayachafuliwi. Asilolijua ni kwamba nyumba nzima ya mwanadamu ni malazi pia. Kwake yeye pembe ya chumba ni mbali na mahali alalapo, kama vile majani yalivyo mbali na kibanda. Kazi ya mwenye mbwa ni kuendeleza kazi aliyoianza mama, na kwa kazi hii ana vyombo viwili: kizimba na pedi.

Kizimba ni sanduku la waya za chuma au la plastiki, lenye mlango. Kipimo chake ni hiki: mbwa aweze kusimama, kugeuka, na kulala amejinyosha. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, atalala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili. Ndani hutandikwa kitambaa laini. Siku za kwanza mlango huachwa wazi na chakula huwekwa humo, ili mtoto aingie kwa hiari yake na kupazoea. Asifungiwe kizimbani kwa adhabu, wala asiachwe humo kutwa. Mtoto wa miezi 2 aweza kujizuia muda wa saa 2 hivi wakati wa mchana, na yule wa aina ndogo pengine hafikishi, maana kibofu chake ni kidogo mno. Akifungiwa kupita nguvu zake atalazimika kuchafua malazi yake, na akilizoea jambo hilo, ile tabia njema aliyopewa na mama yake itaharibika. Kuirudisha ni kazi ngumu.

Pedi ni kitambaa kinene cha tabaka tatu. Juu pana kitambaa chembamba kipitishacho maji upesi. Katikati pana pamba ya karatasi iliyochanganywa na unga unywao maji na kuwa kama uji mzito. Chini pana plastiki, ili maji yasifike sakafuni. Kabla ya pedi hizi watu walitandika magazeti, na wengine hufanya hivyo hata leo. Pedi huwekwa mahali pamoja pasipobadilika, mbali na chakula na maji. Isitandikwe ndani ya kizimba, maana hiyo ni kumfundisha mbwa kwamba choo na malazi ni kitu kimoja.

Mtu aweza kuuliza, "Kwa nini asipelekwe nje tangu siku ya kwanza?" Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni udogo wake. Mtoto wa mbwa mdogo hupewa chakula mara 3 au 4 kwa siku, maana akikaa na njaa sukari ya damu yake hupungua upesi, akalegea na hata kuanguka. Alaye mara nyingi huenda haja mara nyingi, na kabla hajafikishwa chini ya ngazi amekwisha kujisaidia. Sababu ya pili ni ugonjwa. Mwaka 1978 ulitambuliwa ugonjwa wa mbwa uitwao parvo, nao ulienea upesi duniani. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mbwa mgonjwa, navyo huweza kukaa udongoni miezi mingi bila kufa. Chanjo yake hurudiwa mara kadhaa mpaka mtoto afikishe majuma 16 au zaidi. Kabla ya hapo, ardhi ikanyagwayo na mbwa wageni ni hatari kwake.

Sasa tuone mwendo wa siku. Mtoto aamkapo asubuhi, mwenyewe afungue kizimba, amchukue mikononi mpaka kwenye pedi, wala asimwache atembee, asije akajisaidia njiani. Amweke juu ya pedi, aseme neno moja, lile lile kila siku, kisha angoje kwa kimya. Amalizapo, amsifu na kumpa kipande kidogo cha chakula papo hapo. Akichelewa hata dakika moja, mtoto hatajua anasifiwa kwa lipi. Baada ya hayo na acheze, lakini chini ya macho ya mtu. Kama hakujisaidia, arudishwe kizimbani muda wa dakika 10 au 15, kisha apelekwe tena.

Nyakati za kumpeleka kwenye pedi ni nne: aamkapo, baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Zaidi ya hizo, mwenyewe atazame dalili. Mtoto akiacha mchezo ghafula, akanusa sakafu na kuzungukazunguka, hapana nafasi ya kungoja. Usiku kizimba kiwekwe karibu na kitanda cha mwenyewe, apate kumsikia. Akilia, apelekwe kwenye pedi bila maneno mengi wala mchezo, kisha arudishwe alale.

Na akikosea je? Wako watu wampigao mtoto wa mbwa, au wamsuguao pua katika mkojo wake. Hilo ni kosa kubwa. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo cha sasa na haja ya zamani. Ajifunzalo ni moja tu, kwamba kujisaidia mbele ya watu ni hatari. Tangu siku hiyo atajificha nyuma ya viti, na akiwekwa kwenye pedi mbele ya bwana wake atajizuia kwa hofu. Fimbo imeifanya kazi kuwa ngumu maradufu. Mwenye busara, akimwona mtoto anaanza kukosea, humwinua upesi na kumpeleka penye pedi. Akikuta kosa limekwisha kutendeka, husafisha tu, na kujiuliza saa ngapi alisahau kumpeleka.

Kusafisha nako kuna akili yake. Pua ya mbwa hunusa yale tusiyoyanusa sisi, na penye harufu ya mkojo hurudi. Dawa yenye amonia haifai, maana harufu yake yafanana na ya mkojo. Hutumiwa dawa yenye vimeng'enya, ambavyo huuvunja mkojo wenyewe. Tena maji ya kunywa asinyimwe mtoto ili apunguze mkojo, kwani hiyo ni kumdhuru. Na mbwa aliyekwisha fundishwa akianza ghafula kukojoa mara kwa mara, au mkojo wake ukiwa na damu, huyo ni mgonjwa. Apelekwe kwa daktari wa wanyama.

Kazi hii haiishi kwa juma moja. Mbwa wa aina ndogo huweza kuchukua miezi mingi hata awe wa kuaminika kabisa. Chanjo zikiisha, atakaye mbwa wake atoke nje husogeza pedi kidogo kidogo kila siku kuelekea mlangoni, kisha humzoesha kwenda chini. Akiisogeza yote kwa siku moja, mtoto atapatafuta mahali pa zamani, naye atakosea.

Wazee husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mtoto wa mbwa naye hukunjwa angali mbichi, kwa saa zisizobadilika, kwa neno moja, na kwa mkono usiompiga. Mbwa aliyefundishwa hivyo hupata makao ya maisha yake yote.

Maswali

1. Mtoto wa mbwa hujifunza nini kwa mama yake kabla ya kuletwa kwa mwanadamu?
2. Kwa nini kizimba kisiwe kikubwa mno?
3. Taja sababu mbili za kutumia pedi siku za kwanza.
4. Fimbo huharibu mafundisho haya kwa namna gani?
5. Eleza jinsi Smoky alivyowasaidia askari.