Manowari Iliyowasindikiza Vijana Wetu

Kusindikiza ni adabu tunayofunzwa tangu utotoni. Mgeni akiaga, mwenyeji humtoa hadi njiani, na hurejea tu anapoona kwamba mwenzake amefika pa salama. Neno hilohilo ndilo tulitumialo kwa manowari zilizofuatana na misafara ya meli wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Waingereza, kwa upande wao, waliziita manowari za aina hiyo kwa jina lenye maana ya mharibifu. Majina haya yanapingana, lakini mnamo Februari 12, 1944, manowari moja ililazimika kuyatimiza yote mawili kwa wakati mmoja. Gharama yake ilikuwa maisha ya vijana wetu.

Manowari yenyewe iliitwa Petard. Ilishushwa majini mwaka wa 1941 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Huko Ulaya hukumbukwa hasa kwa tukio la Oktoba 30, 1942, katika Bahari ya Mediterania, ilipoilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani ya nyambizi hiyo ilipokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya ishara za siri. Aliyewapokea mzigo ni Tommy Brown, mhudumu wa kantini mwenye umri wa miaka 16. Brown alinusurika, wenzake walizama. Kwa vitabu hivyo, wataalamu wa Bletchley Park waliweza kufumbua tena ujumbe wa nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki, ujumbe uliokuwa umewashinda kwa takriban miezi 10. Mnamo Desemba 15 mwaka huohuo, Petard ilishirikiana na manowari ya Ugiriki kuizamisha nyambizi ya Kiitaliano, Uarsciek.

Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, sura ya tatu ya historia yake ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo ndiyo tusiyoijua.

Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara wa meli tano za wanajeshi uling'oa nanga Kilindini, Mombasa, ukielekea Colombo, katika nchi tuiitayo leo Sri Lanka. Mojawapo, Khedive Ismail, ilibeba watu 1,511. Miongoni mwao walikuwamo maafisa na askari 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Karibu na visiwa vya Maldivi, walinzi wa msafara walikuwa manowari kubwa Hawkins, pamoja na Paladin na Petard.

Alasiri ya tarehe 12, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa takriban dakika mbili. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Nyambizi nayo ilijificha papo hapo, chini ya maji walimoelea manusura. Nahodha wa Petard, Rupert Egan, alikabiliwa na uamuzi mzito. Akisita, meli nne zilizosalia zingekuwa hatarini. Akishambulia, angewaua aliotumwa kuwalinda. Alishambulia. Mabomu yanayolipukia chini ya maji yaliangushwa, na baadhi ya waliookoka topido wakauawa na mlipuko.

I-27 iliibuka. Paladin ilijaribu kuigonga, ikaumia yenyewe ubavuni. Baada ya mapambano marefu, topido ya Petard iliimaliza nyambizi. Watu 1,297 wa Khedive Ismail walikuwa wamekufa. Waliookoka walikuwa 214.

Msomaji mpendwa, mimi simhukumu Egan. Sijui ni nani kati yetu angechagua vingine. Ninachokikataa ni desturi ya kuisimulia siku ile kama hesabu tu: nyambizi ya Ujerumani, ya Italia, kisha ya Japani, na manowari moja shujaa. Katika hesabu hiyo, askari wetu ni maji tu yaliyoifunika nyambizi. Isitoshe, hawakuwa na sauti katika vita walivyopelekwa. Februari hiyo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Eliud Mathu aliteuliwa Oktoba ya mwaka huo.

Petard ilivunjwavunjwa nchini Scotland mwaka wa 1967. Vijana wetu hawana makaburi, ila majina yao yapo kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Zaidi ya nusu ya majina ya mnara huo ni ya waliozama na Khedive Ismail. Maelfu yetu hupita barabara hiyo kila siku bila kugeuza shingo.

Walimu wetu wa historia hufunza tarehe za vita vya Ulaya kwa ufasaha mkubwa. Nawasihi wawapeleke wanafunzi hapo, siku moja tu kwa mwaka, wayasome majina hayo kwa sauti. Jamii iliyowatoa vijana wale hadi Kilindini haikuwasindikiza hadi mwisho wa safari. Wajibu huo ungali juu yetu.