Gesi Haimwagiki: Friji Inapopanda Kutoka Masasi Hadi Newala

Korosho zikishapigwa mnada na fedha kuanza kuingia, magari yanayopanda kutoka Masasi kwenda Newala hujaa mabati, magodoro, runinga na friji. Julai, mwaka mpya wa fedha wa serikali ukianza, wanafuata walimu na wauguzi waliopata uhamisho, na vyombo vyao juu ya kirikuu au kenta. Friji iliyokuwa ikigandisha vizuri kule chini ikifika juu ikagoma, maelezo huwa tayari: gesi imemwagika njiani. Fundi anaitwa, mtungi unafunguliwa, gesi inajazwa, pesa inalipwa. Maelezo hayo yana kasoro tangu mwanzo, na kasoro yake ina gharama, kwa sababu huwafanya watu wahangaike na gesi isiyokuwa na shida na kusahau kitu ambacho kweli huhama friji inapolazwa, yaani mafuta.

Gesi ya friji huzunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa kila kiungo. Hata ukiipindua friji miguu juu, gesi itabaki humo humo. Ikipungua, basi kuna tundu mahali. Mafuta ni habari nyingine. Ile chupa nyeusi ya chuma iliyo chini kwa nyuma, kompresa, ndani yake ina mota na pistoni zinazoning'inia kwenye springi, na chini yake kuna mafuta ya kulainisha yasiyofika hata nusu lita. Friji ikisimama, mafuta hutulia mahali pake. Ikilazwa, huanza kuingia kwenye mabomba yanayotoka na kuingia kwenye kompresa. Ukiichomeka hapo hapo, mota itazunguka ikiwa na upungufu wa mafuta, na pistoni iliyotengenezwa kubana gesi itakutana na kimiminika. Gesi hukubali kubanwa. Mafuta hayakubali, na vali, ambazo ni vibati vyembamba tu vya chuma, hupinda au kuvunjika. Mafuta mengine yanaweza kufika kwenye kapilari, bomba ambalo tundu lake kwa kawaida halifiki milimita 1. Yakikwama humo, kompresa itanguruma mchana kutwa na friji isipoe. Dalili hiyo inafanana kabisa na ya gesi iliyopungua, na ndipo fundi mwenye haraka anapopotea.

Dawa yake haina gharama yoyote: kuisimamisha friji na kungoja mafuta yarudi. Vitabu vya watengenezaji havikubaliani juu ya muda. Vingine husema saa chache, vingine siku nzima. Kuna watakaosema kwamba kungoja siku nzima ni woga wa bure, maana jirani aliwasha yake dakika ile ile na bado inafanya kazi. Inawezekana. Huenda ililazwa kidogo tu, au upande ambao mafuta hayakufika kwenye mabomba, na hakuna anayeweza kuona ndani ya chupa iliyochomelewa. Pia mafuta huwa mepesi kwenye joto na mazito kwenye baridi. Friji iliyoshushwa Masasi saa nane mchana itarudisha mafuta yake upesi kuliko iliyofika Newala usiku wa Julai, upepo wa uwanda wa Makonde ukipuliza. Kwa hiyo nakubali kwamba saa 24 si sheria ya maumbile. Iliyosafiri imesimama mwanzo hadi mwisho, saa mbili tatu zinatosha. Iliyolazwa, hasa msimu wa baridi, ilale usiku mzima imesimama kabla ya kuchomekwa.

Hoja ya madereva ina uzito zaidi. Wanasema friji iliyosimama juu ya gari dogo huyumba, hukutana na matawi, na inaweza kuanguka kwenye kona za kupandia Makonde. Ni kweli, na friji iliyoanguka ni hasara kubwa kuliko iliyolazwa. Lakini lawama isiende kwa mlima. Mwinuko wa asilimia 10, ambao ni mkali kwa gari lenye mzigo, hauinamishi friji hata nyuzi 6. Kuilaza ni nyuzi 90. Isimamishwe ikiegemea kabini, mgongo ukiwa na godoro, ifungwe kamba sehemu mbili, juu na katikati, na mlango ufungwe kwa kamba pia. Gari likiwa halifai kabisa, ilazwe ubavu, kamwe si chali juu ya mabomba wala kifudifudi juu ya mlango.

Mashimo ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko kona. Mradi wa lami wa kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ni faraja, ila penye mchepuko au barabara ya vumbi yenye matuta kompresa hurukaruka kwenye springi zake na mabomba hutikisika kwenye viungo. Hapo ndipo tundu la kweli huzaliwa. Angalia kando ya kompresa: kuna kibomba kifupi cha shaba kilichobanwa ncha, mahali gesi ilipojaziwa. Wabebaji wakikosa pa kushika, mkono huenda huko huko. Kikipinda mara moja na kunyooshwa, shaba huweza kupasuka.

Friji nyingi za sasa hutumia R600a, gesi ya jamii moja na ile ya kupikia, na inawaka. Kibandiko cha nyuma huonyesha jina lake. Kiasi chake ni kidogo tu, lakini bomba likitobolewa chumbani, fungua madirisha, na jiko la mkaa litolewe kwanza.

Baada ya hapo umeme. Ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hulazimika kuanza huku mgandamizo wa upande mmoja ukiwa bado mkubwa; inahitaji dakika kama tano za kupumzika, ndiyo kazi ya kile kifaa cha kulinda friji kinachouzwa madukani. Ikiwa baada ya yote hayo, na siku nzima ya kuwaka, bado haipoi, fundi aje. Apake povu la sabuni kwenye viungo na kwenye kile kibomba cha shaba, atazame mapovu yanapotokea. Akionyesha tundu na kuliziba, ajaze gesi. Akienda moja kwa moja kwenye mtungi, muulize gesi ya mwanzo ilipotelea wapi.