Siku ya Wali kwa Mama Asiyekula Wali

Mama mkwe wa mwenzetu mmoja alitufikia Miburani akitokea Ifakara. Alikuwa amesafiri siku mbili, akavuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na njia nzima hakukubali mtu mwingine amshikie mfuko wake. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na mchele mpya wa bonde la Kilombero, mchele alioulima na kuuvuna mwenyewe. Jioni aliingia jikoni, akakuna nazi, akapika wali ambao harufu yake iliwafikia majirani. Kisha akampakulia mkamwana wake.

Mkamwana akaisogeza sahani pembeni. "Samahani, mama, mimi siku hizi sili wali."

Mama yule hakugomba. Alisema tu, "Haya, mwanangu," akaifunika sahani kwa kawa. Siku tatu zilizobaki za ugeni wake hakuingia tena jikoni.

Mambo hayakuishia hapo. Usiku, watu wote walipokwisha kulala, mwenzetu aliinuka akaenda jikoni. Alikula wali ule uliopoa akiwa amesimama gizani, akakwangua na ukoko. Asubuhi akajiambia kwamba kwa kuwa amekwisha kuharibu, maandazi mawili hayatazidisha dhambi. Kesho yake vikafuata vitumbua, mpaka wiki ikaisha. "Nimepoteza vyote viwili," alituambia. "Mama nimemwudhi, na mlo nimeuvunja."

Sisi ni akina mama watano tunaofuata mlo mmoja na kukutana kila Alhamisi jioni. Miburani yetu si ile ya Temeke jijini Dar es Salaam. Ni hii ya kisiwani Mafia. Tulipoisikia habari ile hatukumcheka mwenzetu, maana kila mmoja wetu alikuwa na wali wake wa gizani. Tukakata shauri siku ile kwamba siku za kula tulichojinyima tusiziache zituvamie. Tuzipange. Haya ndiyo tuliyojifunza tangu hapo, na huenda yakakufaa nawe mama msomaji.

Mlo wenyewe ni upi?

Mlo wa keto ni mlo wenye wanga kidogo sana na mafuta mengi, pamoja na protini ya kiasi. Mnamo mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Siku hizi wengi huufuata ili kupunguza uzito au sukari ya damu. Kwa kawaida wanga hupunguzwa hadi chini ya gramu 50 kwa siku, na wengine hushuka hadi 20. Mwili ukikosa wanga, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, nazo hutumika kama nishati, hata katika ubongo.

Hesabu yake ni ngumu kwa watu wa pwani. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Maana yake kikombe kimoja tu karibu kinamaliza fungu la siku nzima.

Hata hivyo kisiwa chetu hakikututupa. Tunakula changu wa kuchoma, pweza wa nazi, mayai, bamia, mchicha na kisamvu kilichoungwa kwa tui. Muhogo huo huo unatupa majani tunayokula na mizizi tunayoiacha. Kusi inapovuma kwa nguvu na vyombo visitoke, tunategemea mayai na dagaa wakavu. Kazi iko kwenye chungu cha wali, kwa sababu baba na watoto hawako kwenye mlo huu, nao wanataka kula kama kawaida. Kila siku tunaupika, tunaupakua, na hatuuli. Mama anayefanya hivyo miezi mitano mfululizo, bila siku hata moja ya kupumua, mara nyingi huanguka. Akianguka bila mpango huanguka vibaya.

Mwili hufanyaje siku ya wali?

Mama akila wali baada ya wiki nyingi za kujinyima, mwili huacha kutengeneza ketoni, huanza kutumia sukari, na huweka akiba yake katika ini na misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hushikana na maji yapatayo gramu tatu au zaidi. Ndiyo maana asubuhi yake mizani inaweza kuonyesha kilo moja au mbili za ziada. Usiogope. Ili mwili uongeze kilo moja ya mafuta halisi, unahitaji nishati ya ziada ipatayo kalori 7,700, na sahani moja ya pilau haifikii hata robo yake. Sehemu kubwa ya uzito ule ni maji, nayo yatatoka utakaporudi kwenye mlo wako. Kurudi kwenye hali ya keto huchukua siku moja hadi tatu kwa wengi, na kwa wengine karibu wiki.

Lakini tusijidanganye kwamba siku ya wali haina gharama yoyote. Mwili uliozoea kuishi bila wanga hushindwa kwa muda kuipokea sukari nyingi kwa mara moja, hivyo sukari ya damu inaweza kupanda kuliko zamani. Mwaka 2019 watafiti nchini Kanada waliwapa vijana wanaume 9 wenye afya gramu 75 za glukosi, kabla na baada ya siku saba za mlo wa aina hii. Baada ya zile siku saba waliona katika damu yao dalili za madhara kwenye kuta za mishipa. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na hautoshi kutoa hukumu. Unatosha kutuonya kwamba siku ya wali iwe ya nadra na ya kiasi. Isiwe kila Jumamosi, na isiwe siku ya kulipiza kisasi cha njaa.

Mambo sita tunayopanga

1. Siku. Tunachukua kalenda na kuchagua mapema: Krismasi, Pasaka, harusi ya mtoto wa ndugu, sikukuu ya Idi tunapoalikwa na majirani zetu Waislamu. Isiyoandikwa siyo siku yetu. Hasira na uchovu haviandikwi kwenye kalenda.

2. Kitu kimoja. Kwenye shughuli kuna pilau, chapati, kaimati, keki na soda. Tunachagua kile tulichokikosa hasa. Soda ndiyo ya kwanza kuachwa, maana chupa moja huwa na sukari zaidi ya gramu 30 na haishibishi. Mwenzetu mmoja huchagua kitumbua kimoja cha moto, basi. Anakila ameketi, na mbele za watu.

3. Mpangilio wa sahani. Tunaanza na samaki au nyama pamoja na mboga, kisha ndipo tunagusa wali. Wanga ukitanguliwa na vyakula hivyo, sukari hupanda taratibu zaidi. Baada ya kula tunatembea kidogo. Hata kuosha sufuria za shughuli ni kazi ya mwili.

4. Watu. Tunawaambia wenyeji na wakwe kabla ya siku yenyewe. Sahani ikishapakuliwa, maneno yote husikika kama dharau.

5. Masalio. Hili ndilo lililotuangusha zaidi ya yote. Bandu bandu humaliza gogo: kijiko kimoja cha pilau baridi asubuhi, kingine saa nne, na kufikia jioni umekula sahani mbili usizozipanga. Siku hizi chakula kikibaki tunakigawa kwa majirani jioni ile ile.

6. Kesho yake. Tunaamua mapema tutakula nini asubuhi, na tunakiweka tayari: mayai, au kisamvu cha jana cha kupasha. Hatufungi njaa ili kujiadhibu, wala hatupandi kwenye mizani mpaka siku ya nne. Siku za kurudi huweza kuleta kiu na kichwa kuuma, hivyo tunakunywa maji ya kutosha. Supu ya samaki yenye chumvi husaidia, ila mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi bila ushauri wa daktari.

Tumeona kwamba nguvu ya mpango huu iko katika jambo la sita. Sahani moja haijamwangusha yeyote kati yetu. Kilichotuangusha ni lile neno la asubuhi: "Nimekwisha kuharibu." Aliyepanga siku ya wali hajaharibu kitu; amefanya alichosema, na leo anafanya alichosema pia.

Si kila mama apange hivi

Tuna wajibu wa kusema na jambo zito. Mwenzetu wa tatu ana kisukari, naye hunywa vidonge vya glibenclamide. Alialikwa harusini Kilindoni. Akafikiri kwamba akikaa bila kula tangu asubuhi atajiwekea nafasi ya pilau. Vidonge alikunywa kama kawaida. Chakula kilichelewa mpaka saa tisa alasiri. Saa saba alianza kutetemeka, jasho likamtoka, maneno yakawa hayaeleweki. Wapo waliodhani ni joto la ukumbini. Bahati njema tulikuwa karibu, tukampa vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji. Baada ya dakika kumi na tano akarudi katika hali yake, tukampa chakula, kisha tukampeleka hospitali.

Somo lake hatutalisahau. Mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, kama glibenclamide na gliclazide, asianze mlo wa keto bila daktari wake, kwa kuwa dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa. Vilevile asipange siku ya wali bila kuulizia dawa ya siku hiyo. Asiruke mlo kwa kungojea shughuli, wala asijiongezee kidonge ili "kufidia" pilau. Mgonjwa akipoteza fahamu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Wanaotumia dawa kama dapagliflozin au empagliflozin wana hatari nyingine: kwenye mlo huu damu yao inaweza kujaa asidi hata sukari isipokuwa juu sana.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asijaribu mlo huu kwa kuambiwa na shoga yake. Na kama una mtoto aliyewekwa kwenye mlo huu na hospitali kwa ajili ya kifafa, usimpangie siku ya wali hata kidogo kwa akili yako. Kwake pipi moja ya sikukuu inaweza kurudisha degedege. Mtafutie zawadi isiyoliwa.

Yuko pia mama mwenye afya njema ambaye kijiko kimoja humfungulia mlango asioweza kuufunga. Miongoni mwetu watano yuko mmoja. Alijaribu siku ya wali mara mbili, na mara zote mbili ilichukua mwezi kurudi. Sasa siku ya sikukuu hupika samaki wa kupaka wa fahari, huvaa kanga mpya, huketi na wenzake kwenye mkeka, wala hatumshurutishi. Kujijua nako ni mpango.

Pasaka iliyofuata

Yule mama mkwe wa Ifakara alirudi Pasaka ya mwaka uliofuata. Safari hii mkamwana alimpigia simu wiki mbili kabla. Akamweleza kwamba sukari yake ilikuwa imeanza kupanda, kwamba daktari alimshauri apunguze wanga, na kwamba ameitenga Jumapili ya Pasaka ili ale wali wa mama. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo. Kisha mama akasema, "Kumbe ni ugonjwa, mwanangu. Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani umeukataa mkono wangu."

Mwaka mzima mama yule alikuwa ameumizwa na neno ambalo halikusemwa. Wali wenyewe angeweza kuusamehe siku ile ile.

Siku ya Pasaka, tulipotoka kanisani, alipika. Wakati wa kupakua alisimama na mwiko mkononi, akamtazama mkamwana wake, akauliza, "Kiasi gani?" Mkamwana akamwonyesha kwa kiganja. Wakala pamoja, changu kwanza, kisha wali, bila haraka. Kabla ya magharibi mama mwenyewe aliufunga wali uliobaki, akawapelekea watoto wa jirani.

Asubuhi ya Jumatatu tulipopita kuwajulia hali tuliwakuta jikoni wote wawili. Mayai yalikuwa mezani, na mama mkwe alikuwa akitwanga kisamvu.

Mama msomaji, ikiwa nawe uko kwenye mlo huu na sikukuu inakaribia, anza leo. Muulize daktari wako, fungua kalenda, kisha umpigie simu yule atakayekupakulia.