Wimbo wa Noeli uliotoka Ukraine: Mykola Leontovych alikuwa nani?

Kila mara Noeli ikikaribia, kuna muziki mmoja unaopita ku radio, ku televizyo na ndani ya telefone, na hata mtu asiyejua jina lake anautambua mara moja. Ni sauti nne fupi zinazorudiliwa haraka haraka, kama kengele isiyochoka. Kwa Kiingereza unaitwa « Carol of the Bells », maana yake wimbo wa kengele. Watu wengi wanafikiri ulitungwa Amerika.

Sivyo. Muziki huo ulitoka Ukraine. Aliyeupanga ni Mykola Leontovych, mwalimu aliyeongoza korali za wanafunzi na wafanyakazi. Maneno ya kwanza hayakusema kitu juu ya kengele, wala juu ya kuzaliwa kwa Yesu. Na mwenyewe hakupata hata siku moja kusikia namna Amerika ilivyoupokea, sababu alipigwa risasi munamo 1921 akiwa na miaka 43.

Lugha iliyokatazwa kuchapishwa

Leontovych alizaliwa tarehe 13 Desemba 1877 katika kijiji cha Monastyrok, eneo la Podolia. Wakati ule sehemu kubwa ya Ukraine ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa padri wa kanisa la Orthodox, kanisa ambamo padri anaruhusiwa kuwa na bibi na watoto. Baba huyo ndiye aliyemfundisha muziki mara ya kwanza, pale nyumbani.

Mwaka mmoja kabla hajazaliwa, munamo 1876, mfalme Alexander wa Pili alitoa amri ya kukataza kuchapisha vitabu kwa Kiukraine, isipokuwa vichache sana. Katazo hilo, linaloitwa amri ya Ems, liligusa hata muziki: noti zingeweza kuchapishwa, lakini si pamoja na maneno ya Kiukraine. Serikali ilitaka watu wa Ukraine waone lugha yao kama lugha ya shambani tu, na Kirusi kama lugha ya mtu aliyesoma. Amri ilianza kupoteza nguvu kisha machafuko ya 1905.

Ndiyo maana kazi ya Leontovych haikuwa mchezo. Alikuwa anasikiliza nyimbo za wanakijiji, anaziandika, kisha anazipanga kwa korali, kila kundi na sauti yake. Kuimba kwa lugha ya nyumbani, tena vizuri kuliko wengi wa mjini, ilikuwa namna ya kusema: na sisi tuko watu.

Korali ya wafanyakazi wa reli

Alisoma seminari katika mji wa Kamianets-Podilskyi na kumaliza munamo 1899. Wazazi walitumaini awe padri kama baba. Yeye alichagua ualimu. Alifundisha vijijini kwa mshahara mdogo, na kila alipofika alianzisha korali ao kikundi cha wapiga vyombo.

Munamo 1904 alihamia Hryshyne, eneo la Donbas upande wa mashariki, kufundisha katika masomo ya watoto wa wafanyakazi wa reli. Kule aliunda korali ya wafanyakazi wenyewe. Mwaka uliofuata wafanyakazi wakasimama juu ya mfalme, na korali ikaimba kwenye mikutano yao. Polisi wakaanza kumfuata kwa macho. Munamo 1908 akarudi magharibi, mji wa Tulchyn, ambako alifundisha muziki katika masomo ya watoto wanawake.

Hryshyne ya zamani ni mji unaoitwa leo Pokrovsk. Ni jina linalotajwa sana katika habari za vita: tangu 2024 mji huo umekuwa kati ya mahali pa mapigano makali kabisa kati ya Urusi na Ukraine.

Wimbo wenyewe unasema nini?

Jina lake la kweli ni « Shchedryk », kutoka neno la Kiukraine lenye maana ya ukarimu. Wakulima waliuimba wakipita nyumba kwa nyumba kuwatakia majirani mwaka mpya mwema, sawa vile watu kwetu wanavyotakiana Bonane. Ndani yake ndege mbayuwayu anaingia uwanjani, anaita mwenye nyumba atoke nje aone kondoo wake wamezaa, kwa hiyo ataona feza. Mbayuwayu kule harudi wakati wa baridi, anarudi baridi ikiisha. Wanaochunguza desturi wanaona hapo alama ya zamani sana, kabla ya Ukristo, wakati mwaka mpya ulihesabiwa kuanzia mwezi wa tatu.

Muziki wa kijijini ulikuwa mdogo sana. Mwenye kujua solfeji ataona kwamba hautoki nje ya nafasi kati ya la na do. Kitu kidogo hivyo kinaweza kumchosha msikilizaji mara moja. Leontovych hakukibadilisha, alikizungushia vingine. Soprano wanaanza peke yao, polepole. Alto wanaingia. Kisha tenori na besi wanakuja chini yao na mwendo mwingine, na sauti zinapanda mpaka zinajaza nyumba. Wakati huo wote zile sauti nne haziachi kuzunguka. Kisha kila kundi linajiondoa, na wimbo unazimika namna ulivyoanza. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, ni makoo ya watu tu. Wote hauzidi dakika mbili hivi.

Dakika hizo zilimtesa miaka. Aliuandika, akaurudilia, akautengeneza tena, huku akisafiri kwenda kujifunza zaidi kwa mwalimu wa muziki Boleslav Yavorsky, ijapokuwa alikuwa tayari na bibi na watoto. Mwishowe, mwezi wa Desemba 1916, korali ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Kyiv iliuimba chini ya kiongozi Oleksandr Koshyts. Watu wa Kyiv wakaupenda siku ile ile.

Korali iliyotumwa kama balozi

Mfalme wa Urusi alianguka munamo 1917, na Januari 1918 Ukraine ikajitangaza inchi huru. Lakini majeshi mengi yalikuwa yanaigombania. Mwanzoni mwa 1919 kiongozi wake Symon Petliura alichukua uamuzi ambao wengine waliona ni wa ajabu: katikati ya vita alituma korali Ulaya. Wakubwa wa dunia walikuwa wamekutana Paris kugawa mipaka kisha vita kuu ya kwanza, na Ukraine ilihitaji kujulikana. Wengi kule Ulaya hawakujua hata kama kuna taifa la namna hiyo, lenye lugha yake.

Koshyts na waimbaji wake wakapita inchi nyingi, kati yao Uswisi, Ufaransa, Uingereza na Ubelgiji, iliyokuwa wakati ule inatawala Kongo. Pahali pengi watu waliomba « Shchedryk » irudiliwe.

Nyuma yao inchi ilikuwa inaanguka. Jeshi la Bolsheviki lilichukua Ukraine, waimbaji wakabaki nje bila pa kurudi. Tarehe 5 Oktoba 1922 waliimba New York, katika jumba la Carnegie Hall. Mwisho wa mwaka huo huo Muungano wa Kisovieti ukaundwa, na Ukraine ikawekwa ndani yake. Korali ilikuwa inaimba kwa jina la serikali ambayo haikuwepo tena, na wimbo wa mtu ambaye alikwisha kuzikwa.

Mgeni aliyeomba kulala

Leontovych alikuwa amefundisha Kyiv miaka ya uhuru. Jeshi la jenerali Denikin lilipochukua mji ule munamo 1919, alikimbia kurudi Tulchyn. Kule alianza kuandika opera, ambayo hakuimaliza.

Mwezi wa Januari 1921 alikwenda kijiji cha Markivka kuona wazazi wake. Jioni ya tarehe 22, mtu mmoja alibisha hodi na kuomba pa kulala. Alijitambulisha kuwa wa Cheka, polisi ya siri ya Bolsheviki, eti anafuata wezi. Nyumba ya padri haikumkatalia mgeni. Akapewa pa kulala chumba kimoja na Leontovych. Asubuhi akampiga risasi mwenzake akiwa kitandani, akaiba vitu vya nyumba na kwenda zake. Leontovych alitokwa na damu mpaka akakata roho.

Kwa miaka mingi mambo hayo hayakusemwa wazi. Ni munamo miaka ya 1990, kisha Ukraine kupata uhuru, watu walipata kusoma karatasi za polisi zilizomtaja muuaji: Afanasy Hryshchenko, mtu wa Cheka kweli.

Namna gani mbayuwayu akawa kengele?

Munamo 1936 Peter Wilhousky, Mmarekani aliyekuwa anafanya muziki wa radio, aliandika maneno mapya kwa Kiingereza. Kwake muziki ulisikika kama kengele, basi akaweka kengele na furaha ya Noeli. Maneno yake njo yalishinda. Korali za masomo zikayaimba, kisha filamu na matangazo ya biashara. Namna hii wimbo ulizunguka dunia nzima, na jina la Ukraine likabaki njiani.

Kurudisha jina hilo ni kazi ambayo Waukraine wanafanya mpaka leo. Tarehe 4 Desemba 2022, vita vikiwa vinaendelea kwao, korali ya watoto wa Kyiv iitwayo Shchedryk ilisimama ndani ya Carnegie Hall, miaka mia moja kisha Koshyts. Leontovych aliacha kazi zaidi ya 150 za korali, nyingi kutoka nyimbo za kijiji kama hii. Kwa korali inayotaka kuimba muziki huu Noeli hii, neno moja la kumtaja aliyeupanga, mbele ya kuanza, halichukui hata nusu dakika.