Dinari Mia Si Pesa Ndogo

Vikao vingi vya wazee wa kanisa humaliza kesi za ndugu kwa namna moja. Aliyeuza kiwanja cha urithi kwa siri anainamisha kichwa: "Kama nimekosea, nisamehe." Mzee anamgeukia aliyedhulumiwa: "Ndugu yangu, Yesu alisamehe msalabani. Wewe ni nani usisamehe?" Wanashikana mikono, yanafanyika maombi, chai inaletwa. Hakuna aliyeuliza kiwanja kiliuzwa shilingi ngapi wala pesa zimekwenda wapi. Baada ya miezi michache wale wawili hawasalimiani, na kanisa linashangaa.

Mshangao huo haufai, maana walisameheana deni ambalo hakuna aliyelihesabu. Mkristo anayejifunza kusamehe huanza kwa kulitaja kosa kwa thamani yake yote. Ndivyo inavyofundisha Mathayo 18, sura tunayopenda kuihubiri nusu. Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, anapendekeza saba, naye Yesu anampa saba mara sabini. Mahubiri mengi huanzia hapo. Lakini aya chache kabla yake Yesu ameshaeleza la kufanya ndugu akikukosea: mwendee mkiwa wawili tu, umwonyeshe kosa lake, asiposikia, nenda na mtu mwingine mmoja au wawili, akikataa bado, kanisa liambiwe. Swali la Petro linakuja baada ya utaratibu huo wote.

Kisha unakuja mfano wa mtumwa aliyesamehewa na mfalme talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Deni lile, basi, ni kazi ya siku milioni 60, na hakuna kibarua wa kulimaliza. Mtumwa huyo anatoka nje, anakutana na mwenzake mwenye deni lake la dinari 100, anamkaba koo. Wahubiri huziita dinari hizo pesa ya chumvi, nami siwezi kukubaliana nao. Ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu. Kwa mtu wa kibarua hiyo ni kodi ya nyumba, ni ada ya mtoto, ni mbegu za msimu mzima. Yesu hakulidharau deni hilo. Alimlaumu aliyekaba koo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametoka kufutiwa deni lisilolipika. Aliyeumizwa asiambiwe kwamba jeraha lake ni dogo. Akumbushwe rehema aliyoipokea, maana nguvu ya kusamehe hutoka huko.

Afrika Mashariki tunaye shahidi wa jambo hili. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alikuwa askofu wa Kianglikana wa Kigezi, Uganda, katika utawala wa Idi Amin. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza ajali ya gari, lakini mwili ulikuwa na matundu ya risasi. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera wakatoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni alitambua kwamba uchungu juu ya Amin unaota mizizi moyoni mwake. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, aliona hawezi kuutazama msalaba na kuendelea kumchukia mtu yule. Alimsamehe. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, na wengi walishtuka.

Tuangalie pia ambacho hakukifanya. Hakukubali kwamba Luwum alikufa kwa ajali. Aliyasimulia mauaji hayo waziwazi. Wala hakurudi Kampala kujikabidhi mikononi mwa aliyemsamehe. Alikaa nje mpaka utawala ule ulipoanguka Aprili 1979, ndipo akarudi. Kivengere alilelewa katika uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ambako waliookoka walitubu kwa kuitaja dhambi yenyewe na kurudisha walichoiba. Mkosaji ndiye aliyefunga safari kwenda kuomba radhi. Naamini makanisa yetu yamepungukiwa sana tangu desturi hiyo ilipofifia.

Yusufu naye, baada ya miaka zaidi ya 20 tangu auzwe na ndugu zake, hakujitambulisha kwao siku ile ile walipofika Misri kutafuta chakula. Aliwapima, akajificha kulia, na alijitambulisha kwao baada ya Yuda kujitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Hata hivyo baba yao Yakobo alipofariki, miaka 17 tangu ahamie Misri, ndugu hao walikuwa bado wanaogopa kisasi.

Ndiyo maana nawasihi wachungaji wasichanganye kusamehe na kupatana. Kusamehe naweza peke yangu mbele za Mungu: naacha kulipiza, hukumu namwachia yeye. Kupatana kunahitaji watu wawili, na mmoja awe ametubu. Mke aliyepigwa anaweza kumsamehe mumewe akiwa kwa wazazi wake, fomu ya polisi ya PF3 ikiwa mkobani na kesi ikiendelea mahakamani. Kumrudisha kwenye kipigo kwa jina la Yesu ni dhuluma ya pili, na inauma zaidi kwa kuwa hufanywa na watu wa ibada.

Anayetaka kuanza achukue karatasi, aandike alichotendewa, lini, na kimemgharimu nini. Aisome kwa sauti katika maombi. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo, na Mungu hakuvikataa. Kisha atamke kwamba anaacha kisasi. Akisikia sauti ya mkosaji msibani hasira inaweza kurudi, naye asijione mnafiki. Asamehe tena kosa lile lile. Saba mara sabini inatosha hata kwa kosa moja. Na asiyeweza kutamka leo asishurutishwe mbele ya watu. Aombe kwanza apewe hiyo nia, na mchungaji wake aombe pamoja naye, hata ikichukua mwaka.